Franchaizi ya Pizza Dodoma: Nani Anakula Kwanza?



Wiki mbili hizi nimeulizwa swali moja na watu kama saba, wengi ni wale tuliomaliza nao fomu foo. "Mkuu, hii ishu ya kuwekeza kwenye franchaizi ya pizza ikoje?" Chanzo ni ujumbe unaozunguka kwenye simu, nami umenifikia mara tatu. Unasema weka laki tano tu uwe mmiliki wa sehemu ya duka la pizza "la kimataifa" hapa makao makuu ya nchi, faida kila mwezi, nafasi zimebaki chache. Jina la duka halijaandikwa. Jina la kampuni halijaandikwa. Kilichoandikwa vizuri ni namba ya kutuma hela.

Kuna jamaa zangu wana kikundi cha kuweka akiba, wamefikisha milioni tatu kwa miaka miwili ya kuuza vocha, kufyatua tofali na kulima alizeti. Wanataka kuitumbukiza humo. Ndiyo maana nimeamua kuandika hii kitu kwa urefu, maana kwenye meseji haitoshi.

Tuanze na maana. Franchaizi ni kukodi jina la biashara pamoja na namna yake ya kufanya kazi. Mwenye jina anakupa ruhusa uweke bango lake, utumie mapishi yake, rangi zake, sare zake na mafunzo yake. Wewe unatoa mtaji wote: pango, oveni, mafriji, mishahara, leseni. Halafu unamlipa kiingilio mara moja mwanzoni, na baada ya hapo unamlipa mrabaha, yaani asilimia fulani ya mauzo, kila mwezi au hata kila wiki. Juu yake kuna mchango wa mfuko wa matangazo, nao ni asilimia ya mauzo.

Nimesema mauzo. Sikusema faida. Hapo ndipo wengi wanapopigwa chenga.

Dereva wa bodaboda ya mtu ananielewa haraka kuliko yeyote. Asubuhi ukiamka unajua kuna hesabu ya bosi. Mvua inyeshe, abiria wasiwepo, tairi ipasuke, hesabu iko palepale, na wewe unakula kinachobaki. Franchaizi inafanana na hiyo, ila hesabu yake inapanda na kushuka na mauzo. Na kuna tofauti moja mbaya zaidi. Bodaboda ya mkataba ukishamaliza kulipa inakuwa yako. Jina la pizza halitakuwa lako hata ulipe miaka kumi. Mikataba mingi ya hivi ndiyo ina urefu huo, miaka 10, na ikiisha unaomba tena au unashusha bango.

Jambo hili si geni kwetu, ila hatukuliita jina hilo. Soda ya Coca-Cola unayokunywa kule Moshi haitengenezwi na Wamarekani. Inatengenezwa na Bonite Bottlers, kampuni ya hapahapa, kwa ruhusa na masharti ya mwenye jina. Wazo ni lilelile.

Sasa pizza zenyewe. Majina mawili makubwa duniani yalianza kimaskini kabisa. Pizza Hut ilianzishwa mwaka 1958 mjini Wichita, Kansas, na ndugu wawili, Dan na Frank Carney, kwa dola 600 walizokopa kwa mama yao. Mwaka uliofuata tayari walishaanza kukodisha jina. Domino's ilianza 1960, pale Tom Monaghan na mdogo wake James waliponunua kibanda cha pizza kilichoitwa DomiNick's kule Ypsilanti, Michigan. James hakukaa sana. Aliachia nusu yake akapewa gari la Volkswagen lililotumika. (Naamini hiyo gari aliikumbuka maisha yake yote.) Hata jirani zetu wa Afrika Kusini, Debonairs ilianzishwa na wanafunzi wa chuo pale Pietermaritzburg mwaka 1991. Watu wanapenda kusimulia hadithi hizi kwenye semina za ujasiriamali, kwamba ona, walianza na kidogo. Ni kweli walianza na kidogo, lakini hao walianzisha jina. Hawakukodi la mtu. Anayekodi anaanza na kikubwa.

Na kingine ambacho semina hazisemi: majina haya makubwa kwa kawaida hayampi mtu mmoja duka moja huku kwetu. Yanatafuta kampuni yenye hela ndefu, inapewa nchi nzima au nchi kadhaa, na inafungwa na ahadi ya kufungua maduka mengi ndani ya muda fulani. Ndiyo maana Domino's ya Kenya ikaja kushikwa na Eat'n'Go, kampuni ya Nigeria. Pizza Inn na Chicken Inn za Kenya ziko chini ya Simbisa Brands ya Zimbabwe. Sasa mtu akikwambia "tunakuuzia kipande cha duka la kimataifa kwa laki tano", muulize swali moja tu: aliyepewa haki ya Tanzania ni kampuni gani, na huyo anayekuuzia ana mkataba gani na hiyo kampuni?

Tupige mahesabu. Namba hizi nimeziweka mimi kwa mfano, si za duka lolote. Badilisha unavyotaka, uone zinavyokwenda.

Duka linauza pizza 40 kwa siku. Bei bila VAT ni 17,000, kwa hiyo mteja akilipa na VAT ya asilimia 18 inafika kama 20,000. Kwa mwezi wa siku 30 mauzo bila VAT ni 20,400,000. Kwa mwaka unavuka milioni 200, ambacho tangu Julai 2023 ndicho kiwango cha kulazimika kusajiliwa VAT, kwa hiyo TRA mtaonana tu.

Mrabaha tuseme asilimia 6: 1,224,000. Matangazo asilimia 4: 816,000. Unga, jibini, nyama, nyanya na mafuta tuseme asilimia 35: 7,140,000. Umebaki na 11,220,000. Hapo bado hujalipa pango 1,500,000, wafanyakazi 8 kwa 350,000 kila mmoja, ambayo ni 2,800,000, na mchango wako wa NSSF 280,000. Umeme na gesi 1,500,000. Maboksi ya pizza 1,200 kwa 800 ni 960,000. Bodaboda za kupeleka kwa wateja 1,000,000. Halafu mkopo. Kama ulikopa milioni 100 kwa riba ya asilimia 18 kwa miaka minne, rejesho la mwezi ni kama 2,940,000.

Jumlisha, toa. Unabaki na 240,000.

Subiri, hatujamaliza. Mwenye jina akiwa nje ya nchi, sheria yetu ya kodi ya mapato inataka ukate kodi ya zuio asilimia 15 kwenye mrabaha kabla ya kuutuma. Mikataba ya namna hii mara nyingi inaandikwa kwamba yeye lazima apokee chake kikiwa kizima. Maana yake kodi unaibeba wewe. Ili apate 1,224,000 kamili, hesabu inakuwa 1,440,000, na ile tofauti ya 216,000 inaenda TRA kutoka mfukoni mwako. Ile 240,000 inageuka 24,000. Pizza moja na soda mbili, kwa mwezi mzima wa kuamka alfajiri.

Sasa tuseme mambo yamepoa, unauza pizza 25 badala ya 40. Mauzo ya mwezi yanakuwa 12,750,000. Pango ni lilelile, mishahara ileile, rejesho la benki lilelile. Hata boksi na bodaboda zikipungua kulingana na mauzo, unaingia hasara ya zaidi ya milioni tatu kwa mwezi. Na mwezi huohuo wa hasara, mwenye jina pamoja na mfuko wa matangazo wamechukua 1,275,000. Wao hawana hasara. Wewe umeuza nyumba ya mzee, wao wametuma ankara.

Je, pizza 40 kwa siku Dodoma ni rahisi? Mimi naishi hapa, nitasema ninachokiona.

Mji umekua, hilo halina ubishi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya ya Dodoma Mjini, ile ya 2022 ikakuta 765,179 jijini. Serikali ilihamia kweli baada ya tangazo la 2016, jiji likatangazwa Aprili 2018, UDOM ipo tangu 2007, na treni ya SGR kutoka Dar imeanza kuleta watu tangu 2024. Lakini hela ya Dodoma ina msimu kama mvua zake. Bunge la bajeti likikaa, Aprili mpaka Juni, hoteli zinajaa, magari mazuri kila kona, hata muuza karanga anachangamka. Wabunge wakiondoka, mji unashusha pumzi. Wanafunzi boom likitoka wanakula kuku, likiisha wanarudi kwenye wali maharage. Chuo kikifungwa ndiyo kabisa. Watumishi nao, tarehe 25 na tarehe 12 ni watu wawili tofauti.

Jiografia nayo ina maneno yake. Watumishi wengi wa wizara mchana wako Mtumba, mbali na katikati ya mji, na jioni wanatawanyika Kisasa, Iyumbu, Nkuhungu, Nzuguni. Duka ukiliweka mjini, pizza ya mchana ya Mtumba inasafiri kwenye upepo wa Dodoma mnaoujua, inafika kama chapati ya jana. Ukiliweka Mtumba, jioni na wikiendi unabaki na walinzi.

Halafu kuna mshindani ambaye hakuna kitabu cha franchaizi kinachomtaja: chipsi mayai. Zege na mishkaki miwili, mtu ameshiba, na bei hata robo ya pizza haifiki. Jumamosi watu wanakwenda mnadani Msalato kula nyama choma. Sisemi pizza haiuziki, inauzika, na watoto wa siku hizi birthday bila pizza wanaona wameonewa. Nasema wanunuzi wa kila siku ni wachache kuliko wapenda pizza.

Suala la malighafi linanikera zaidi kuliko mrabaha. Kanda yetu ina kila kitu. Vitunguu Singida, nyanya Ilula kule Iringa, alizeti ya mafuta hapahapa Dodoma, ng'ombe wa kumwaga. Mtu anafikiri, nikifungua duka nitanunua kwa wakulima wetu, bei itashuka. Soma mkataba kwanza. Kwenye franchaizi unanunua kwa wasambazaji waliopitishwa na mwenye jina, na wakati mwingine msambazaji ni yeye mwenyewe. Domino's ya Marekani zaidi ya nusu ya mapato yake yanatokana na kuuzia maduka unga, jibini na vifaa, na mrabaha unakuja juu ya hapo. Anakukodisha jina, halafu anakuuzia unga.

Mfano wa karibu ni KFC Kenya. Januari 2022 waliishiwa chipsi. Nchi inalima viazi mpaka vinaoza shambani, lakini viazi vya KFC vilikuwa vinatoka nje, meli zikachelewa. Kampuni ikaeleza kuwa wasambazaji lazima wapite kwanza kwenye ukaguzi wa ubora wa kimataifa, kwa hiyo hawawezi tu kwenda sokoni. Wakenya wakawaka mtandaoni, wakaitisha mgomo. Sheria ya ubora mimi naielewa, mteja akila Nairobi au Johannesburg apate kitu kilekile, ndiyo jina lenyewe linauzwa hivyo. Ila anayebeba hasara meli ikichelewa ni mwenye duka, na mwenye jina yuko mbali.

Msije mkadhani ni maskini tu wanaoanguka. Kampuni ya NPC International ilikuwa na zaidi ya maduka 1,200 ya Pizza Hut kule Marekani, hakuna aliyeikodi hiyo franchaizi kwa wingi kuliko yeye. Julai 2020 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa madeni yaliyokaribia dola bilioni moja. Na Domino's ilipoingia Italia mwaka 2015, kwenye nchi ya pizza yenyewe, kampuni iliyopewa haki ya nchi nzima ilikuwa na ndoto ya maduka mamia. Mwaka 2022 ya mwisho yakafungwa. Waitaliano waliendelea kula za mtaani kwao.

Kwa haki, jina lina faida zake, nisije nikaonekana nina wivu. Unapata mfumo uliokwishajaribiwa: unga upimwe gramu ngapi, oveni iwe nyuzi ngapi, mfanyakazi asimame wapi, hela ihesabiwe vipi jioni ili isivuje. Biashara nyingi za chakula hapa mjini zinakufa kwa hela kuvuja, wala si kwa kukosa ladha. Mwenye mtaji wa mamilioni mamia, maduka matatu au manne na eneo lenye wateja wa uhakika, anaweza kutoka vizuri. Lakini huyo hasomi ujumbe wa laki tano kwenye simu.

Turudi kwenye ujumbe huo basi. Tanzania hatuna sheria moja maalum ya franchaizi, kwa hiyo mkataba wako ndiyo sheria yako, pamoja na sheria za kawaida za mikataba, kodi na alama za biashara. Lakini kukusanya hela za umma kwa jina la hisa, hilo lina mwenyewe. Ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, na bila kibali chao hairuhusiwi kutangazia watu hisa. Kampuni na alama ya biashara unaziangalia BRELA, na kwa bahati nzuri unaweza kuanzia mtandaoni ukiwa kafe hapohapo ulipo. Duka la chakula lina leseni ya Jiji, na kuanzia 2019 usalama wa chakula uko TBS, zamani ilikuwa TFDA. Mtu anayejenga duka kweli ana hizi karatasi au anazifuatilia. Hakasiriki ukimwomba uzione. Muombe pia anwani ya fremu yenyewe, uende ukaone kama kuna hata tofali moja.

DECI mnaikumbuka? Kaka zetu walipanda mbegu, 2009 serikali ikafunga, mbegu ikabaki ardhini. Mwaka 2025 ikawa LBL, watu wakawa wanaangalia matangazo kwenye simu wakiambiwa wanalipwa, mpaka polisi walipoanza kukamata mikoani. Jina hubadilika, mara kilimo, mara matangazo, sasa zamu ya pizza. Kinachofanana ni kwamba hakuna anayekuonyesha hela inazalishwa wapi, na ukiuliza unaambiwa una mawazo ya kimaskini.

Wale jamaa wa milioni tatu wameniuliza, sasa tufanye nini? Nimewaambia ninavyoona mimi. Mmoja wao aombe kazi kwenye jiko la hoteli au mkahawa wowote unaouza pizza, hata Dar kama Dodoma ikikosekana, akae mwaka. Atalipwa kidogo lakini atajua unga unaumuka vipi, jibini inaharibika kwa siku ngapi umeme ukikatika, na pizza ngapi zinauzwa Jumanne. Wengine waendelee na akiba. Baadaye waanze na oveni moja ya gesi na tanki la maji (Dodoma bila tanki usithubutu), wauze vipande kwa bei ya mwanafunzi karibu na chuo, kwa jina lao wenyewe. Jina hilo hakuna anayelijua, kweli, lakini hakuna anayelidai asilimia 10 pia. Pale Forodhani Zanzibar, kuna vijana wanauza "Zanzibar pizza" kila jioni, chapati nyembamba imekunjwa na nyama ya kusaga, yai na kitunguu ndani, juu ya kikaango. Watalii wanapanga foleni. Hakuna mrabaha unaokwenda popote.

Mmoja kati yao amekubali, wawili bado wanautazama ule ujumbe. Mwisho wa "nafasi chache" umesogezwa mara mbili sasa.

Nachotafuta kwenu wadau: bei ya oveni ya gesi ya mkononi yenye sehemu mbili, Dar na Dodoma, na nauli ya kuisafirisha mpaka huku. Na kama kuna aliyewahi kununua jibini ya pizza moja kwa moja kiwandani, Tanga au Iringa, atuambie wanaanzia kilo ngapi. Wekeni hapo chini, nitaongeza kwenye mahesabu.